Sharubati Tulishakunywa

Benchi letu liko nje ya mkahawa wa Bayumi, Aleksandria, upande usiopigwa na upepo wa bahari. Mimi Rifaat, mkata tiketi wa tramu mstaafu, nina pembe yangu hapo mwaka wa kumi na moja. Mwaka jana niliugua ule ugonjwa ambao hapa hatuutaji jina. Nilipomaliza matibabu niligawa sharubati nyekundu mtaa mzima, ndiyo desturi, na tangu siku hiyo nimehesabiwa mzima. Kisha mafua yakanipiga. Mafua tu! Wiki ya tatu leo, miguu haina habari na mimi.

— Mbona umenywea hivyo? aliuliza yule tunayemwita Waziri, ambaye serikalini alikuwa akipika chai.

— Nimechoka, ndugu yangu.

— Umechokaje na sharubati tulishakunywa?

Daktari, anayeijua hospitali kwa kupaka rangi kuta zake, akadakia:

— Kijicho hicho! Kuna mtu alikunywa glasi yake bila kusema mashallah.

— Kijicho wapi! Ni tramu, akasema Waziri. Miaka thelathini ilimtikisa, sasa katulia, damu imeganda. Mpakieni aende mpaka mwisho wa reli na kurudi!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia ale maharage kila asubuhi! akasema Daktari.

— Haya, na huko hospitali wamesemaje? Waziri akaniuliza.

— Wamesema mwili bado unajijenga, nikajibu, hata mafua madogo huuangusha. Nile, nilale, nitembee kidogo kidogo. Homa ikipanda, nirudi upesi.

— Kidogo kidogo! Daktari akacheka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bayumi, mletee kahawa ya pili!

Wakacheka, nami nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Nilitaka kuwaambia naogopa. Kila nikichoka nadhani ule ugonjwa umerudi. Nikaona watanitafutia dawa ya hilo pia.

Akapita muuza gesi mgeni, mtu mzima mwenye mvi, akigonga mtungi kwa spana. Aliponiona akaacha kugonga.

— Huyu ami anatetemeka, jamani. Ngoja nimfikishe kwake. Anakaa ghorofa ya ngapi?

Nikanyamaza makusudi. Nilitaka wao ndio wamjibu.

— Ya pili, akasema Waziri.

— Ya tatu! akapinga Daktari. Ile yenye roshani ya buluu.

— Hiyo ya Bi Nabawiya, bwana.

Waziri akachungulia kikombe chake kitupu. Daktari akafuta masharubu makavu.

— Ya tano, nikasema. Lifti imekufa tangu Ramadhani.

Muuza gesi akanishika mkono. Ghorofa ya tatu nikaomba tukae kwenye ngazi. Sauti zao zikapanda kupitia dirishani:

— Nilikwambia si ya pili!

— Wewe si ulisema ya tatu?

Muuza gesi akasikiliza kidogo, kisha akanigeukia.

— Wale ni rafiki zako, ami?

Nikashika ukuta, nikainuka. Zilibaki ghorofa mbili.