Asnath Lugano na Deizi Zake za Izia (1958–2024)

Mama yetu, Asnath Lugano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 Tukuyu, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lugano na Bibi Atusaye. Alisoma shule ya msingi hukohuko nyumbani, kisha sekondari Mbeya mjini, na mwaka 1979 akahitimu mafunzo ya ukarani.

Mwaka uliofuata alipangiwa kazi Sumbawanga. Alishuka kwenye basi na sanduku moja, na shina la deizi, yale maua meupe ya bustani, alilolichimbua uani kwa mama yake, limeviringishwa kwenye kitambaa kilicholowa. Alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na baba yetu, Gaudensi Kasimiri, mkulima wa Mollo, wakajaliwa watoto watatu. Tulikulia nyumba ya serikali iliyozungukwa na mikaratusi. Deizi zilitoa majani tu, ua hata moja hakuna. Baba alimtania kwamba amebeba mchicha kutoka Tukuyu.

"Mchicha gani?" mama alimjibu. "Zimenuna hizi. Zinataka jua."

Mwaka 2009, sisi watoto tukiwa tumeshaondoka nyumbani, walikwenda kutazama kiwanja mtaa wa Izia, hapahapa Sumbawanga. Baba aliangalia barabara inapita wapi. Mama alikaa juu ya ndoo akiangalia kivuli kinapita wapi. Nyumba ikajengwa nyuma ya kiwanja, mbele penye jua zikapandwa deizi. Mvua zilipokolea uwanja ukawa mweupe wote, na wapita njia wakawa wanasimama kutazama.

Zikimaliza kuchanua, alizikata karibu na ardhi, akazifunika kwa mabua ya mahindi zisiumizwe na baridi ya Juni na upepo wa kiangazi. Mashina yakibanana aliyachimbua, akayagawa, akawapa majirani. Sisi wanawe alitugawia pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyenazo leo.

Haya ya kukata na kufunika tumeyajua juzi tu, kwa jirani yake, Mama Cornelia. Sisi tulikuwa watu wa Krismasi. Tulizikuta zimechanua, tukapiga picha, tukaondoka. Mimi ninayewasomea, Nestory, mtoto wake wa kwanza, nafanya kazi Kasesya, wala si mbali hivyo, lakini sikuwahi kukanyaga Izia mwezi wa nane.

Mwezi Mei mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Akiwa wodini alituomba jambo moja, nasi wote tukaitikia.

"Maua ya plastiki msiniletee," alisema. "Nipandieni deizi zangu kichwani, jua lizipate vizuri."

Alifariki dunia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 2 Agosti 2024.

Asubuhi hiyohiyo nilisimamia usafi wa uwanja ili turubai lifungwe. Mbele ya nyumba tuliona mabua na visiki vikavu. Tukang'oa, tukasawazisha, tukachoma. Moto ulikuwa bado unafuka Mama Cornelia alipofika na mzigo wake wa kuni za msiba.

"Nestory, mmefanya nini hapa?"

"Tumesafisha, mama. Kulikuwa na takataka."

"Takataka? Mama yako alikuwa amezilaza, mwanangu. Mvua ikinyesha zingeamka."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Hajatulaumu, na afadhali angetulaumu. Tunaona aibu, ndugu zetu. Ombi moja alilotuachia tulilichoma kabla hata hajapoa, tena tukijisifu kwamba uwanja umependeza. Tumeona tuliseme mbele yake kabla hajafunikwa.

Mama ameacha mume, watoto watatu, Nestory, Lydia na Timoth, na wajukuu watano. Ameacha pia shina moja la deizi, lile mnaloliona kwenye ndoo pembeni ya Mama Cornelia. Alilichimbua kwake jana akatuambia, "Chukueni, alinigawia mwenyewe." Tukishafukia tutalipanda kichwani, tafadhali msikanyage upande huo. Litataka maji mpaka mvua zije, na zamu ya kwanza ni yangu.

Bwana ampe mama pumziko jema. Sisi atuachie aibu hii, itulete tena Agosti.