Mama Breki na Magari Yasiyo na Dereva

Wazazi wetu, majirani, nanyi mliokuja na ovaroli zenu moja kwa moja kutoka zamu, mama tunayemsindikiza leo, ambaye kazini alijulikana kama Mama Breki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1975, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, ambako kaka zake wanasema alianza kuamuru watu kabla hajajua kutembea vizuri.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1983, akamaliza la saba mwaka 1989 na kufaulu kwenda sekondari, lakini baba yake alikuwa ameanza kuugua macho na cherehani ilihitaji mtu, kwa hiyo alibaki akishona sare za wenzake walioendelea, wala hakuwahi kulisema jambo hilo kwa uchungu, ila kila alipoona mtoto mwenye sare iliyofumuka alimwita, "We, njoo hapa," akamshonea palepale barabarani, mtoto akiwa bado ameivaa.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na mpakizi wa ghala la unga na sabuni, mtu mrefu na mpole, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 2000, na wa kike wawili, mwaka 2004 na mwaka 2009. Tarehe 20 Agosti 2009, kitinda mimba akiwa bado wa kubebwa, mumewe alikuwa akifunga mzigo kati ya rafu mbili, foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ikarudi nyuma, dereva akiwa ametazama upande mwingine, ikamgonga, na mumewe hakurudi nyumbani. Mama hakumlaani yule dereva, alisema tu kwamba binadamu ana shingo moja, ila tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja moyoni, kwamba pale ghalani asigongwe mtu mwingine tena.

Novemba mwaka huohuo aliomba kazi katika ghala lilelile, wifi yake akamuuliza, "Wewe, huogopi pale?" naye akajibu, "Naogopa, ndiyo maana naenda." Alianza na ufagio, na mwaka 2014 akapewa filimbi na kizibao kinachong'aa, akawa mwongoza njia, akisimama kwenye kona na kuzuia foklifti watu wapite, na hapo ndipo alipopata jina lake.

Februari 2022 yakaletwa magari yasiyo na dereva. Siku ile Mama alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu, akawaambia wanawe kwamba ameona magari mafupi na mapana kama meza, hayana kiti wala usukani, yanaingia chini ya mzigo na kuunyanyua taratibu kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, yanakwenda nao kimyakimya mpaka kwenye rafu yake, yakikutana njia panda, moja linalisubiri jingine, na chaji ikipungua linakwenda lenyewe ukutani kujichaji, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mtu akipita mbele yake, linasimama. Wanangu, linasimama lenyewe."

Wiki za mwanzo wenzake waliyaheshimu kupita kiasi, mpakizi mmoja alisimama njiani akiliambia gari, "Pita tu, mwenzangu," nalo gari likimsubiri yeye, na mengine yakapanga foleni nyuma yake, hadi Mama alipopiga filimbi na kufoka, "Ondoka wewe, mwenzako anakupisha!"

Hata hivyo, pamoja na kuyastaajabia, hakutaka kuyaamini kwa kuambiwa, kwa hiyo kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, alisimama mbele ya kila gari likija, na liliposimama ndipo aliporuhusu watu waingie. Tarehe 9 Juni 2023 gari moja lilichelewa kusimama, likamgusa buti, msimamizi akasema, "Limekugusa tu, Mama Breki, halijakugonga, fungua watu waingie," lakini Mama hakuondoka pale, na wenzake walinyeshewa nje ya lango wakimnung'unikia, mpaka fundi alipofika akakuta kipande cha nailoni ya kufungia mizigo kimenata kwenye jicho la gari, kikiliziba lisione mbele.

Tarehe 4 Machi 2024, akiwa kazini, Mama alipatwa na kiharusi, akaanguka katikati ya njia, na gari lililokuwa likija na shehena ya unga likasimama mbele yake, yaliyofuata nyuma yakasimama pia, ghala lote likatulia, na utulivu ule ndio uliowafanya watu waache kazi kwenda kutazama. Alilazwa wiki sita, akarudi nyumbani upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki sawasawa, akauguzwa na binti yake mdogo, ambaye aliacha kidato cha pili.

Kila alfajiri alihangaika kitandani, akionyesha barabara kwa mkono wa kushoto, na familia ilielewa anachouliza, kwamba nani anasimama sasa. Msimamizi alikuja akamwambia, "Tunasimama, mama, kwa zamu," naye akageukia ukutani. Basi tarehe 14 Aprili 2025 mwanawe alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ghalani, lango likiwa bado limefungwa, Mama akamwona msimamizi mwenyewe amevaa kizibao, amesimama mbele ya gari la kwanza macho ameyafumba, gari likaja na mzigo wake, likasimama, kisha la pili, kisha yote. Mama alitazama mpaka mwisho, halafu akasema neno lililotoka wazi kuliko yote tangu augue, "Fungueni."

Alifariki tarehe 11 Mei 2025, alfajiri, usingizini, bila kuhangaika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea siku ile na kumfuatilia hadi mwisho, majirani waliochota maji na kulala na sisi, na wafanyakazi wenzake, ambao leo asubuhi wamesimama kwanza mbele ya magari, ndipo wakaja huku.

Mama, watu wameingia salama. Sasa pumzika kwa amani.