Virusi Vilivyosikia Baridi

Ukungu ulikuwa umekalia Nyaramba wiki nzima, na benchi la Alfayo muuza kahawa lilijaa mapema. Katikati ya wazee wawili alikaa Beverlyne wa chuo kikuu, raba zake nyeupe hazina hata tone la tope, chupa ya viwavi mapajani. Likizo hii alikuwa amemkataza mama yake kuokota viwavi kwa mkono kwenye mahindi. Alinyunyiza dawa ya virusi, ile inayowaambukiza viwavi mpaka waoze wakining'inia majanini, akaapa mbele ya benchi zima kwamba mahindi yatapona. Viwavi walikataa kufa, na benchi lilikataa kusahau.

— Bevu, wagonjwa wako wamenenepa, alisema Ogoti, anayeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kulazwa.

— Ni baridi, mzee. Kukiwa na baridi virusi haviongezeki haraka. Kiwavi anaugua polepole.

— Na anakula polepole?

Beverlyne alijifanya hajasikia. Chuoni, mtu akikwepa hoja hivyo, yeye ndiye husimama kumuumbua.

— Si uweke chupa kando ya jiko? alisema Momanyi, jina la kijiweni Meteorolojia, hodari wa kutabiri mvua ikishaanza.

— Joto likizidi, virusi navyo vinashindwa. Viwavi wanapona.

— Ati si baridi, si joto. Hivyo virusi ni vya mheshimiwa gani? alidakia Ogoti.

— Tuwashe jiko dogo kila mstari wa mahindi, alisema Momanyi.

— Na blanketi, alisema Ogoti. Kiwavi akitoa jasho, amekwisha.

— Mzee, kiwavi hatoi jasho.

— Umemfunika ukaona?

Beverlyne alikuwa ameinua kidole kuanza hoja ya tatu mama yake, Nyanchoka, alipotokea na ndoo tupu, gambuti miguuni zimejaa tope.

— Alfayo, nisaidie jivu. Nataka kuwatilia hao wadudu kwenye moyo wa mahindi.

— Mama, ngoja kidogo, joto likirudi...

— Sawa. Tangu baridi ianze, nani hapa ameingia shambani kuwaangalia?

Ogoti alichungulia kikombe chake. Momanyi alitazama mawingu. Beverlyne aliiweka chupa chini ya benchi.

Alfayo alitoa makaa kwenye jiko la kahawa, akakwangua jivu lote na kulitia ndooni.

— Basi, kahawa imeisha, alisema.

Beverlyne akapokea ndoo, akamfuata mama yake, na raba zake nyeupe hizo hizo, hadi ndani ya tope.