Daktari Kivuva na Masikio ya Sajenti

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutibu watu, Daktari Kivuva Ndululu anastaafu tarehe 31 Desemba 1995. Alianzia Ikutha mwaka 1966, akaletwa hapa Makueni mwaka 1974, na tangu hapo hajawahi kuchelewa kazini wala kuandika herufi inayosomeka. Sisi wauguzi tumezoea kubahatisha.

Wengi wanamjua kwa malaria na watoto wa kuhara. Mimi nitamkumbuka kwa askari. Mwanajeshi akiugua likizoni, harudi kambini bila cheti cha daktari wa serikali kwamba anafaa kazi. Daktari alitufundisha mapema kwamba raia huja kutafuta ugonjwa, askari huja kuuficha. Kwa hiyo hakuanza na kifua. Aliomba viatu, akavigeuza, na soli iliyolika upande mmoja ikamwonyesha goti ambalo mwenyewe ameapa ni zima.

Masikio aliyapima kwa salamu. Alisimama nyuma ya mgonjwa akanong'ona, “Wakya.” Mkamba aliyelelewa vizuri, akisalimiwa hivyo na mkubwa wake, hujibu “Aa” kabla hajafikiri. Kipimo hiki kilimwaibisha mara moja tu, pale Koplo Abdulatif, mzaliwa wa Pwani, alipokaa kimya akakaribia kuandikiwa uziwi. Tulicheka wiki nzima, Daktari akiwa wa kwanza.

Mwaka 1979 alikuja Sajenti Nzioka Mulei wa Kalamba, mpiga mizinga. Wakitazamana, alijibu kila swali. Daktari akazunguka nyuma, akasalimia mara tatu, asijibiwe. Mizinga ilikuwa imemaliza masikio yake, naye amejifunza kusoma midomo. Alisihi sana, alikuwa na watoto wanne na hakujua kazi nyingine. Yeye na Daktari walikuwa wamesoma shule moja, na nilimwona Daktari akiumia. Hata hivyo aliandika kwamba hafai mizinga wala lindo, maana askari asiyesikia onyo huwaponza na wenzake. Kisha akaandika barua ya kurasa tatu kuomba sajenti apewe kazi ya karakana. Ndiyo barua yake pekee niliyoisoma bila taabu.

Jeshi lilikubali. Nzioka alitengeneza magari miaka kumi na mmoja zaidi, lakini hakumsamehe Daktari. Wakikutana katika soko la Wote, sajenti aligeuza njia. Daktari hakulalamika, alisema mtu ana haki ya kununa. Najua lilimuuma.

Wiki mbili zilizopita Nzioka, sasa naye mstaafu, alikuja na bintiye Ndinda, anayetaka kujiunga na jeshi. Nilimwambia Nzioka kwamba Daktari Kavata, kijana wetu hodari, hana foleni. Akakataa, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane kumngoja Kivuva. Ndinda alipotoka na cheti cha kufaa, baba yake hakukitazama. Alimkazia Daktari macho midomoni.

“Umemwangalia kabisa? Hukumhurumia?”

Daktari akamwambia hakumhurumia hata kidogo. Hapo ndipo sajenti alipompa mkono.

Daktari, asante kwa vyeti ulivyotia sahihi, na zaidi kwa vile ulivyokataa. Nenda ukapumzike na mkeo, mama Nzilani. Mungu akujalie afya, mvua ya kutosha shambani, na wageni wasiokuja kuonyesha ulimi.

Muuguzi Mumbua Kisilu, kwa niaba ya wafanyakazi wote