Profesa wa Damu Kakwama Nyuma ya Fuso

ZUBEIDA: Haloo? Nani huyo?

KOKU: Nani tena? Si umenikatia sasa hivi nikiwa katikati ya neno.

ZUBEIDA: Mtandao huo. Toa gari, Kokushubila.

KOKU: Gari limekufa.

ZUBEIDA: Limekufaje na asubuhi hii mumeo kaliwasha mpaka masufuria yangu yakacheza? Fuso zima mmeliegesha mbele ya geti langu, leo, siku ambayo—

KOKU: Njia ya serikali hiyo.

ZUBEIDA: Nina wageni wa chuo kikuu, we mwanamke.

KOKU: Nimesikia. Mtoni nzima imesikia. Mjumbe kapewa kadi. Mangi wa dukani kapewa kadi. Hata yule fundi friji aliyekuibia kompresa kapewa kadi, akaja kunitambia nayo. Ina dhahabu pembeni. "Uzinduzi wa Nafasi ya Uprofesa ya Marehemu Zahor, Utafiti wa Sara—"

[mtandao unakwaruza]

ZUBEIDA: Sikusikii.

KOKU: "—tani ya Damu." Nimeisoma mara mbili. Hongera.

ZUBEIDA: Koku, sina muda wa kununiwa. Usama keshatoka Kunduchi. Unamjua shemeji yangu. Anatangaza kwamba mjane wa kaka yake karukwa na akili, kauza duka la Kariakoo ili profesa apate mshahara. Akifika kabla hatujasaini na chuo atafoka, na wale watu wana aibu zao, watasema tutakuja siku nyingine.

KOKU: Kwani duka ni lake?

ZUBEIDA: Duka lilikuwa mahari yangu. Nalipeleka ninakotaka.

KOKU: Salma wa saluni anasema hao wa chuo ni mumiani. Wanakuja na deli la barafu, wanakomba damu za watu.

ZUBEIDA: Ya Salma nani aitake? Bia tupu.

KOKU: [anacheka, anajizuia] Usinichekeshe, nimenuna.

ZUBEIDA: Nakuona hapo kwenye pazia. Ukuta mmoja unatutenga na unanipigia simu.

KOKU: Sina kadi, nitakujaje? Mke mwenza mzima, sina kadi.

ZUBEIDA: Umeanza.

KOKU: Si Zahor mwenyewe alisema? Wodini, mbele ya manesi, chupa yangu ya damu inaning'inia pale juu. "Sasa nina wake wawili, mmoja wa ndoa, mmoja wa mshipa."

ZUBEIDA: Na tangu atiwe hiyo damu yako ya Bukoba akaanza kumjibu daktari kwa Kiingereza.

KOKU: Na kujisifu.

ZUBEIDA: Kujisifu alikuwa nako toka kwao. Sikiliza. Kadi ni ya wageni. Harusi ya mwanao Gozbert mie nilipewa kadi? Nilikuja juzi yake na mbuzi wangu wa kukunia nazi, nikakuna mpaka vidole vikachanika. Wewe nimekungoja kwenye vitunguu tangu jana. Nimemenya peke yangu, macho yamevimba, watadhani nalia.

KOKU: Hulii?

ZUBEIDA: Vitunguu.

KOKU: Mh.

ZUBEIDA: Na wala siyo kadi. Usinifanye mtoto. Hitima hukuja. Arobaini hukuja. Msibani ulikaa mlangoni, ukaondoka kabla ya chakula. Wewe, Koku, kuondoka kabla ya chakula. Watu walidhani unaumwa. Koku?

KOKU: Salio linaisha.

ZUBEIDA: Usinitishie salio. Sema.

KOKU: Ile ya mwisho. Ya Alhamisi.

ZUBEIDA: Chupa?

KOKU: Ilikuwa yangu. Imeingia jioni, na usiku ule ule—

ZUBEIDA: Najua ilikuwa yako.

KOKU: Unajua?

ZUBEIDA: Si nilikuwepo.

KOKU: Basi unajua kwa nini siji.

[mtandao unakwaruza]

ZUBEIDA: —akapata rangi, Koku. Midomo ikarudi. Akaomba chai ya tangawizi, akanywa yote. Akasema, mwambie Koku apunguze dagaa, damu yake ina chumvi. Sikukwambia, nikajua utakasirika.

KOKU: Alisema hivyo?

ZUBEIDA: La mwisho lenye akili alilosema.

KOKU: Ilikuwa damu yangu, Zubeida? Iliyommaliza?

ZUBEIDA: Mie sijui.

KOKU: Ungenidanganya, basi.

ZUBEIDA: Daktari alisema hapana. Lakini daktari yule yule alisema atapona. Kijana wa watu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, wodi imefurika. Nikamuuliza, damu ya mtu inageukaje ikamla mwenyewe? Akaniambia, mama, sie hapa tunatibu tu, hakuna aliyepewa kazi ya kulitafuta hilo. Nikarudi nyumbani nimekasirika. Mtu wa kupaka chokaa ukuta yupo, wa kufukuza paka yupo, wa hilo hayupo. Ndio nikauza duka. Awepo mmoja, alipwe, hata akistaafu aingie mwingine, kazi yao iwe hiyo. Nikiwa na swali nijue pa kugonga.

KOKU: Kumbe.

ZUBEIDA: Kumbe nini?

KOKU: Nilidhani unamjengea Zahor jina.

ZUBEIDA: Na jina pia. Zahor bila jina lake ukutani angenitokea ndotoni.

KOKU: Na huyo profesa ndiye anayekuja leo? Wa kuulizwa?

ZUBEIDA: Ndiye. Profesa Tupokigwe. Yuko pale kona ya Mangi, nyuma ya Fuso lenu, anapiga honi.

KOKU: Huyo kibonge wa miwani? Nilidhani afisa mikopo, nikafunga dirisha.

ZUBEIDA: Koku.

KOKU: Brightson! Brightson, amka uwashe gari.

ZUBEIDA: Si limekufa?

KOKU: Limefufuka. Nivae nini mie? Nina kanga ya kuparia samaki.

ZUBEIDA: Njoo nayo hivyo hivyo. Pita uani.

KOKU: Na Usama akianza kelele?

ZUBEIDA: Nitamwachia mke mwenza.

KOKU: Huyo niachie. Lakini Zubeida, nikimuuliza profesa, akisema ndiyo, ilikuwa yang—

[mtandao unakwaruza]

ZUBEIDA: Tutakuwa tumekaa wote. Sinia la kwanza nimelipanga mwenyewe: yeye, wewe na mie. Ule kwanza, umuulize tumbo likiwa na kitu. Koku? Haloo? Limeisha kweli hilo salio?

[mlango wa uani unalia]

ZUBEIDA: Koku, unanis— Kumbe uko mlangoni, na simu bado sikioni. Ishushe, nakuona. Nawa mikono, ingia, pilau linapoa.