Mbegu Kwenye Kofia

Mbele yangu ndani ya basi walikaa mama mwenye kikapu cha mchicha na mzee aliyevaa kofia ya pama.

"Mchicha huu ni wa bustani ya kijiji chetu cha ujamaa," mama alimweleza. "Hata kiangazi watoto wanakula mboga."

"Nani anamwagilia? Mwanamume hamwagilii mboga."

"Wetu wanamwagilia alfajiri, wasionekane."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Aibu tupu!" Kisha akanong'ona, "Mnatia samadi ya ng'ombe au ya mbuzi?"

"Unataka kulima, baba?"

"Namuulizia mke wangu."

Mke huyo hakuwamo kwenye basi, kwa hiyo hakuweza kukana.

Mama akampa mbegu, mzee akaziviringisha kwenye gazeti, akazificha ndani ya kofia. Tulipofika Kenyamonta akashuka. Wazee wenzake kituoni walivua kofia kumsalimu. Yake aliishikilia kichwani kwa mikono miwili.