Gisiri Mwikwabe Hakuwa Mlevi

Marehemu Gisiri Mwikwabe alizaliwa mwaka 1927 karibu na Isebania, kitinda mimba wa mzee Mwikwabe. Mama yao alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea, akalelewa na dada yake mkubwa Kezia, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka 1951 alimwoa Helen katika kanisa letu la Wasabato hapa Migori. Mwaka 1960 aliajiriwa kwenye kambi ya utafiti wa mbung'o, wale inzi wanaoeneza malale, Bonde la Lambwe, Homa Bay, akipima damu ya ng'ombe na ya watu.

Mwaka 1964 Kezia alimtembelea huko. Gisiri akamwonyesha kwa darubini vijidudu vya ng'ombe mgonjwa vikichezacheza. "Usivikemee, dada," akamtania, "havisikii mahubiri." Akavitia katika maji ya damu yake mwenyewe, wakaenda kula. Waliporudi baadaye vilikuwa vimevimba na kupasuka. Akaeleza kwamba damu ya binadamu ina protini za kuviua. Kisha akamwonyesha vingine, vya mgonjwa wa malale, sura ile ile, vikiogelea humo humo bila wasiwasi. "Hivi vimeizoea damu yetu, dada. Ndivyo vinavyoua watu."

Kezia alirudi Migori na nusu ya habari. Alitangaza sokoni kwamba damu ya kina Mwikwabe inaua malale.

Agosti 1968, akiwa amerudi nyumbani Migori, Gisiri alianza kuumwa kichwa, kisha kusinzia mchana. Helen alisema ni malale. Kezia alikataa kabisa, akasema ni pombe. Gisiri akamwambia polepole, "Dada, nilikuonyesha vya aina mbili." Alitaka kwenda Lambwe apimwe, Kezia akasema hatatoka na aibu hiyo barabarani. Sabato ya tarehe 9 Novemba, alipolala katikati ya mahubiri, ni Kezia huyo aliyesimama akamshtaki mbele ya wote. Jina lake likafutwa katika kitabu cha kanisa.

Helen alipomfikisha hospitali mwezi Januari, vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye ubongo. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 1969.

Ameacha mjane Helen, watoto Wangwe, Mniko na Mellen, na dada huyu.

Marehemu hakuonja pombe maisha yake yote. Kezia anaomba radhi kwa Helen na watoto wake, akiwa amesimama pale pale aliposimama siku ile. Anawaomba wazee wa kanisa walirudishe jina la Gisiri kitabuni kabla hajashushwa kaburini. Mungu ampumzishe kwa amani.